Pedeli ya Kushoto

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba kwa shikamoo yako. Sie huku Mbagala wazima. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike, akilia mtaa mzima unajua. Na wewe huko Dodoma unakula? Barabarani unaangalia malori?

Unauliza kama mwenye kile kiduka cha spea anakuibia, maana pedeli ya baiskeli yako anaiuza ghali. Nilipokuwa msichana, baba yangu alikuwa anatembeza mikate kwa baiskeli ya kizamani. Pedeli ikavunjika, mikate ikawa inalala ndani. Aliyekuwa na pedeli ya aina ile ni kijana mmoja tu, ana kiduka Temeke. Aliponitajia bei nikashika kichwa.

"Usiogope dada, bei inaongeleka."

Mie nikavuta stuli nikakaa. "Haya kaka, tuongee."

Alicheka mpaka akadondosha spana. Tukaongea kweli. Akanieleza anavyozunguka kwenye vyuma chakavu kule Kurasini, siku nzima, kutafuta pedeli moja, na pengine ikae dukani mwaka bila mtu kuiulizia. Nikaona kumbe ile bei ina uchovu wa miguu yake ndani. Akanipunguzia kidogo, nikalipa kwa moyo mweupe.

Kufika nyumbani, pedeli haiingii! Iliyovunjika ya kulia, yeye kanipa ya kushoto. Nikarudi, tukaongea tena.

Babu yako mpaka leo anaapa alikosea tu, hakukusudia.

Nenda kaongee na huyo muuza spea wako, mama. Ila akikupa pedeli ya kushoto, nipigie simu kwanza.

Bibi yako anayekuombea breki nzima