Mikoko kwenye Bwawa la Chumvi

Marahaba, Mwanaidi mjukuu wangu.

Barua yako ya Mwanza imenifika. Hapa Mlingotini hatujambo. Mama yako amepaka nyumba chokaa, nami dripu ya tatu ya dawa ya saratani imepita salama; jana nimekula wali wa nazi kwa samaki mkavu wa ng'onda, nikaomba tena.

Umeniuliza saratani ya kifuko cha mayai ilifikaje kwenye utando wa tumbo. Daktari alinieleza kwamba chembe zake zilibanduka, zikaelea kwenye yale maji yaliyonijaa tumboni, zikanasa pale utando ulipochubuka, kisha zikachimba kwenda chini. Nilicheka, maana jambo hilo nilishaliona.

Usichana wangu nilifanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi. Kila tulipofungulia maji ya bahari, yaliingia na mbegu za mikoko. Sakafu ya tope tulikuwa tumeishindilia ikawa ngumu, kwa hiyo mbegu ziliteleza tu. Siku moja, kwa uvivu, nikakatisha katikati ya bwawa tope likiwa bichi. Baada ya wiki chache, kila alama ya wayo wangu ilikuwa imeota mche wa mkoko, na mizizi imeshazama na kuitoboa sakafu. Nikalia.

Msimamizi wetu, Mzee Shomari, hakunigombeza.

"Mbegu hukuzileta wewe," alisema. "Njoo tung'oe."

Tuling'oa kila Jumatatu. Mikoko haikuisha yote, lakini mwaka ule chumvi tulivuna.

Dripu ya nne ni Jumatatu hii. Mama yako atanisindikiza.

Bibi yako