Mwaka Mmoja Bila Mwalimu Breki

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu kiti chako cha pembeni kwenye gari la mafunzo kikaliwe na mtu mwingine.

Ulifundisha udereva tangu sisi hatujazaliwa. Wanafunzi walikuita Mwalimu Breki. Hata mezani, Mama akimimina chai kwa haraka, mguu wako wa kulia ulikanyaga sakafu. Hukumfokea mtu. Aliyezima gari katikati ya barabara ulimwambia, “Tulia. Hao wanaopiga honi nao walifundishwa.”

Maumivu yalikukamata ubavuni katikati ya somo. Ulidhani ni mgongo wako ule ule wa siku zote, mpaka ukaanza kutapika na kuloa jasho. Aliyeshika usukani alikuwa muuza vitambaa, mama mtu mzima ambaye bado aliogopa gia ya tatu.

“Mwalimu, mimi siwezi.”

“Unaweza, mama. Tazama kioo. Washa indiketa. Twende hospitali, taratibu.”

Alikufikisha. Alilia njia nzima, lakini alikufikisha.

Daktari alitueleza kwamba bonge la damu lilitoka moyoni, likaziba mshipa wa figo la kushoto, na nyama ya figo ikafa kwa kukosa damu. La kulia lilikuwa limeshachoshwa na presha ya miaka mingi. Ukawa unasafishwa damu kwa mashine. Kuna juma ulikula vizuri, ukatania kila mtu, tukaanza kupanga urudi nyumbani.

Juma hilo ndipo muuza vitambaa alipokuja wodini na leseni yake mpya. Uliitazama picha, ukasema, “Mbona umenuna hivi, kama umekamatwa?” Mlicheka mpaka muuguzi akaja kuwatuliza.

Kisha moyo wenyewe ukaanza kushindwa.

Alasiri ile ya mwisho ulimwomba Mama asogeze kiti karibu. Akakuuliza kama inauma. Ukamjibu, “Inauma. Lakini ukikaa hapo inavumilika.” Akakaa. Hakuondoka hapo mpaka ulipotuacha.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, mkweo uliyemwita binti yako, dada yako, shangazi yetu, ambaye bado anapiga simu kila Jumapili, wajukuu zako, walimu wenzako, na wote wanaoendesha magari leo kwa sababu uliwavumilia.

Pumzika, Baba. Wewe ni wetu siku zote, na hatutakusahau.