Paa la Kobe

Jumatatu, 3 Machi

Baba karudi kutoka kwa daktari wa macho kimya. Kimya! Mtu ambaye husalimia hata mlango. Mama kanieleza jikoni: ukungu umezidi, jicho la kulia ndiyo basi tena. Leseni yake inaisha Jumatatu ijayo, na kwa macho hayo hawatampa nyingine.

Nilidhani atalalamika. Wapi! Chai ilipoisha akasema anataka jambo moja tu: Jumapili amwendeshe Kobe mpaka bustanini na kurudi, paa limevuliwa, upepo umpige kwenye upara.

Kobe ni gari letu. Amenizidi umri mwaka mmoja, na anajua. Juu ana paa gumu la chuma linalovuliwa lote, pamoja na kioo cha nyuma, kama kofia, ukiwa na watu wawili wenye mikono. Halijavuliwa miaka tisa. Nikamwambia Baba, dogo hilo, niachie mimi. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 4 Machi

Nimepambana na Kobe baada ya kazi. Vibana viwili vya mbele, juu ya kioo, vimefunguka kwa mafuta na matusi. Waya wa kupasha joto kioo cha nyuma nimeuchomoa. Nikasukuma. Paa likatoa mlio, likatulia. Kumbe nyuma ya viti kuna makomeo mawili, moja kila upande, yamezama ndani ya vitundu, na yana ufunguo wao. Uko wapi? Baba akaanza kutazama dari. Mama ndiye aliyesema: anao shemeji yangu, tangu siku ile.

Siku ile naikumbuka. Baba na Baba Mdogo walikuwa wanalishusha paa, likawaponyoka, kioo cha nyuma kikapata ufa kwenye kona. Kila mmoja akasema mwenzake ndiye aliyeachia. Wakalirudisha juu wamenuna, Baba Mdogo akaondoka na ufunguo mfukoni, na tangu hapo hawasemeshani. Miaka tisa — kwa ufa wa urefu wa kidole! Mama: wanaume wawili, paa moja, akili nusu.

Jumatano, 5 Machi

Fundi kaja. Kachungulia vitundu, kajaribu koleo, kajaribu bisibisi, kajikuna kichwa. Dawa ni moja, akasema: kukata kwa mashine. Baba akatoka nje na kandambili mguu mmoja. Kukata? Aanze kwa kukata mguu wake mwenyewe! Fundi akakusanya vyombo vyake kwa adabu zote.

Nikamwuliza Baba kwa nini asimpigie simu mdogo wake. Akasema simu haina chaji. Wakati huo huo ilikuwa inalia mfukoni mwake.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna jipya. Mvua. Baba anamfuta Kobe mvua ikinyesha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Baba Mdogo, kwenye duka lake la ushonaji. Ufunguo nimeuona kabla sijaketi: kipande cha chuma kirefu kama kijiko cha kupakulia, kimepinda mwishoni, kimekandamiza kitambaa cha suti juu ya meza ya kukatia. Miaka tisa kinafanya kazi ya jiwe! Kinang'aa, hata hivyo. Mtu anakisugua.

Kaniita Chiriku kama zamani. Kauliza habari za Mama, za kazi yangu ya posta, za paka. Za kaka yake, hapana. Nikamwomba ufunguo. Akasema mwenye gari anajua duka lilipo, na miguu anayo.

Basi nikamwambia habari ya macho. Sikuwa nimepanga. Mkasi wake ukasimama katikati ya kitambaa. Akauliza ni jicho lipi. La kulia zaidi, nikasema. Akaendelea kukata, akapinda mstari — yeye! — akakitupa kipande chini. Ufunguo hakunipa. Alisema tu kwamba komeo la kulia lina ujanja wake, mtu mmoja haliwezi.

Nimerudi mikono mitupu. Nina hasira, na aibu pia. Siri ya Baba nimeitoa bure.

Jumamosi, 8 Machi, asubuhi

Kaja! Ufunguo kauviringisha kwenye kile kipande cha suti alichokiharibu. Hawakusalimiana. Baba Mdogo akaniambia nimwambie babangu kwamba hakuja kupatana, kaja kufungua. Baba akaniambia nimwambie mdogo wake kwamba gari ni lake, atafungua mwenyewe. Wako hatua mbili! Hata posta hatufanyi kazi hivi.

Baba akachukua ufunguo, akainama. Akalikosa tundu. Akalikosa tena. Mara ya tatu chuma kikakwaruza rangi. Baba Mdogo hakuniambia nimwambie mtu chochote. Alimshika kaka yake mkono, akausogeza taratibu mpaka kwenye tundu, wakazungusha pamoja. Klak! Wakahamia upande wa pili. Klak!

Kisha kunyanyua. Mmoja kulia, mmoja kushoto, na kuhesabu lazima wahesabu wao. Nikafunga mdomo — nimeweza! Moja, akasema Baba. Mbili, akasema Baba Mdogo. Paa likapanda, Kobe akabaki kichwa wazi, kapendeza huyo!

Halafu wakasimama nalo, wakatazamana. Liwekwe wapi? Hakuna aliyefikiria! Wiki nzima nawaza kulivua, kuliweka chini sikuwaza hata dakika. Chini ni zege tupu na kioo kina ufa tayari. Wameliegemeza ukingoni mwa ukuta wa ua, kila mmoja kashikilia upande wake, wananipigia kelele nilete godoro.

Godoro liko hapa miguuni pangu, dakika tano sasa. Naandika nimesimama, dirisha liko wazi. Mama kanishika mkono: mwanangu, usitoke kwanza.

Wanasemeshana! Baba: wewe ndiye uliyeachia. Baba Mdogo: nilidhani umeshika. Baba: na mimi nilidhani umeshika wewe. Mama kaziba mdomo kwa kanga, sijui analia au anacheka.

Sasa Baba kasema kesho anaendesha yeye, asije mtu akamzuia. Baba Mdogo kamwuliza: tundu hulioni, barabara utaiona? Nikajua yameharibika. Lakini kaendelea, polepole, kama anayepima kitambaa cha mteja. Leseni yake yeye haijaisha. Kaka akimruhusu, atashika usukani, kaka akae pembeni apigwe na upepo.

Kaka! Kasema kaka.

Baba anautazama ule ufa. Paa linateleza kidogo upande wake — wala hajaachia.