Bibi na Mjane wa Sayari ya Barafu

Old Korogwe,
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mimi ni mzima, na naomba barua hii ikukute huko Kwedizinga ukiwa mzima vilevile, pamoja na Baba na wadogo zangu. Mgongo unaendeleaje? Mahindi yamepata mvua? Huku kwa Mjomba mto umejaa maji ya tope na mbu ni wengi, lakini masomo yanaendelea vizuri.

Mama, kila ukipiga simu unaniuliza, "Bibi anaongea?" Nami najibu, "Bado," halafu maneno yananiishia. Leo nina jibu jingine, ila ni refu, na unajua simu inavyonifunga mdomo. Ndiyo maana nimeandika.

Tangu urudi shamba baada ya kumzika Babu, Bibi alibaki kama ulivyomwacha. Anakaa eda kwenye kona ya sebule, uso kaelekeza ukutani. Wanawake wa mtaa wakija kumpa pole anaitikia kwa kichwa. Chakula alikuwa anakigusa tu. Uliniambia nimzungumzishe, na nilijaribu, Mama. Lakini mimi mwenyewe ni mtu wa kukaa na kitabu. Nilimwamkia, nikamwuliza kama anataka chai, kisha tukakaa kimya wote wawili. Nilikuwa naogopa atakwisha hivyohivyo mbele yangu, nami sijui la kusema.

Sasa, Kaka Athumani, mtoto wa Mjomba anayetengeneza simu sokoni, ana kompyuta papo hapo sebuleni, yenye mchezo anaoupenda. Usikasirike, si kamari. Ni kama hadithi ndefu ambayo wewe mwenyewe umo ndani yake. Ni miaka mingi sana ijayo, watu wameshahama duniani wanaishi kwenye sayari za mbali, na wewe ni nahodha wa chombo kinachoruka kati ya nyota. Unamtengeneza nahodha wako mwanzoni: awe na nguvu, awe fundi, au awe na ulimi wa kushawishi watu. Kila unayekutana naye anakuambia jambo, unaonyeshwa majibu kadhaa, unachagua moja, na hadithi inafuata njia hiyo. Maneno yote ni ya Kiingereza, na Kiingereza kinamsumbua Kaka Athumani, kwa hiyo Jumamosi ananiita, "Profesa, njoo! Hawa watu wa nyota wanabwabwaja nini?" Mimi nasoma na kutafsiri, yeye anabonyeza.

Nikueleze kwa nini naupenda. Darasani mwalimu akiniuliza swali, kabla sijapanga jibu mwenzangu ameshajibu. Kule kwenye mchezo mtu anakuuliza, kisha anasubiri. Hachoki, hacheki. Amesimama tu kwenye upepo wa sayari yake mpaka uchague la kumwambia. Sijawahi kusubiriwa hivyo. Na wakati mwingine ukichagua neno la upole, mtu aliyekuelekezea silaha anaishusha.

Jana baada ya Alasiri tulitua kwenye sayari ya barafu tupu, tukaingia nyumba ya mwanamke mmoja. Nilikuwa nasoma kwa sauti. Mara nikasikia nyuma yetu:

"Mnaingia nyumba ya watu bila hodi?"

Alikuwa Bibi. Kaka Athumani aliganda. "Bibi, huku hakuna pa kubonyeza hodi."

"Basi msalimieni huyo mama. Kwani huko kwenye nyota hakuna adabu?"

Nikageuka, nikaendelea kutafsiri kwa Kizigua ili asikose kitu. Mwanamke yule ni mjane. Mumewe alifia mgodini, lakini sauti yake imehifadhiwa kwenye mtambo wa nyumba, na kila asubuhi inamwambia avae vizuri, nje kuna baridi. Mtambo unamaliza umeme wote, na bustani anayopata chakula inakufa. Anamwuliza nahodha: auzime au auache?

Nilipofika hapo nilitamani nisingesoma. Kaka Athumani akanong'ona, "Turuke hapa, Profesa. Twende sayari nyingine."

"Hamwendi popote," Bibi akasema. "Mwenzangu ameuliza. Hiyo sauti akiisemesha, inamjibu?"

"Hapana, Bibi. Inasema yaleyale."

Akaitazama sura ya yule mjane. Nikamsubiri.

"Mwambieni azime. Babu yenu kila nililomwambia alibisha. Hata chumvi ya mboga alibishia. Mume asiyekubishia si mume huyo, ni redio."

Kaka Athumani akacheka, akajiziba mdomo. Lakini Bibi naye alikuwa anacheka, Mama. Kisha akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nami nikamshika mkono. Mke wa Mjomba akatoka jikoni mbio akidhani tumemuudhi. Bibi akamwambia, "Nipakulie." Akala ugali na mlenda, akamaliza.

Tulichagua kuzima. Mjane aliuzima mtambo. Alivaa koti lake akaenda bustanini.

Kama wapo watakaosema nyumba yenye eda si mahali pa michezo, Mjomba yeye amesema tu tupunguze sauti.

Nisalimie Baba na umwambie viatu vinanitosha bado. Msalimie Shangazi mfinyanzi, na mwalimu wangu wa madrasa, na wadogo zangu wote, hasa yule kitinda mimba anayeficha madaftari ya wenzake.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka,
Zuhura

Mama, nilikuwa nimeshaandika jina langu Bibi akaniuliza barua ni ya nani. Amesema niongeze haya, na nisibadilishe neno:

"Mwanangu, nimelia, nimekula, nimelala. Usiache palizi kwa ajili yangu. Ukishavuna uje, ukae siku kadhaa, nikusimulie baba yako alivyonichumbia. Hukuwahi kuniuliza, na mimi sasa nataka kusema."