Nilitumwa Kuuliza Mwalimu wa Hesabu, Narudi na Pole na Mandazi

Shangazi Zam mpendwa,

Nakuandikia kutoka Dranya, huku Koboko, na nakuomba unisaidie upesi kwa sababu Jumatatu wazazi wenzangu wanakaa kikao cha kuniondoa kwenye kazi ya kuwasemea shuleni, na sijui kama nijitetee au niwaache waniondoe. Mimi ni mkulima wa mihogo na simsim, nilisoma mpaka P.6, na binti yangu Lillian yuko P.7, darasa la mwisho la msingi, katika shule ya serikali ambayo sitaitaja jina, na mtihani wa mwisho ni Novemba, lakini tangu kabla ya Pasaka darasa lao halina mwalimu wa hesabu. Mwalimu Moris alitoka siku moja na begi mgongoni, wengine wanasema amehamishiwa Omugo, wengine wanasema yuko Arua anasoma, wengine wanasema ameenda kuoa, na hakuna mtu wa shule aliyetuambia hata neno moja.

Mimi nilijua mapema kuliko wengine kwa sababu ya marehemu mke wangu, Stella Kiden, aliyetuacha mwaka jana mwezi wa nane. Stella hakusoma, lakini kila jioni kabla ya kuepua sufuria alikuwa anachukua madaftari ya Lillian anayapekua, anatafuta alama za kalamu nyekundu, anauliza, "Nyekundu iko?" na Lillian anajibu, "Iko, mama," ndipo tunakula. Kama haiko, kesho yake Stella yuko shuleni na kikapu kichwani, anauliza mwalimu alikuwa mgonjwa au nini. Sasa daftari la hesabu lina nyekundu ya mwisho ya mwezi wa tatu, na baada ya hapo Lillian amejiandikia mwenyewe hesabu kutoka kitabu cha zamani, kurasa sita, na hakuna mtu aliyempa hata kosa.

Basi wazazi wakanichagua mimi niende kumuuliza hedimasta, Mwalimu Severino, wakasema mimi ni mpole, hatanikimbia, kwa sababu mwaka juzi alipoenda Yasiri, ambaye alikuwa jeshini na mpaka leo anaongea kama yuko kwenye gwaride, hedimasta alitorokea mlango wa nyuma. Nikaenda. Nilipoingia tu akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mzee, pole. Pole sana. Mama Lillian alikuwa mutu, mutu kweli." Akakumbuka jinsi Stella alivyokuwa akiwaletea walimu karanga za kusaga kila mwisho wa muhula, kwenye kopo lenye kifuniko cha bluu, akasema kopo moja bado liko kabatini, akalitoa nikaliona, kweli ni letu, na Shangazi, mtu akikupa pole huwezi kumkatiza umuulize habari za hesabu, kwetu hiyo ni aibu, kwa hiyo nililia kidogo, naye akalia kidogo, kengele ya mapumziko ikagongwa, nikaenda nyumbani.

Mara ya pili niliandika swali kwenye kiganja. Akanikalisha, akamwita makamu wake, Madam Margarita, aje atuombee, tukasimama tukafumba macho, na sala ilikuwa ndefu na nzuri, mpaka jasho likafuta swali. Mara ya tatu ilikuwa juzi Jumatano, akaagiza chai, akanisimulia kwamba Stella aliwahi kumchekesha mpaka akamwaga chupa nzima ya wino juu ya rejista, hadithi ambayo mimi mume wake sikuwahi kuisikia, na nilipofungua mdomo kusema, "Mwalimu, lakini P.7..." akasema, "Hiyo tunaishughulikia, mzee, usijichoshe, wewe bado uko na msiba," akanifungia mandazi mawili kwenye gazeti.

Wazazi walikuwa wananingoja getini. Emilia, jirani yangu, ambaye mtoto wake pia yuko P.7, akaliangalia lile gazeti akasema, "Baba Lillian, tulikutuma jibu, wewe unaleta mandazi?" Yasiri akasema, "Muulize sukari ilikuwa vijiko ngapi, hiyo anajua." Wakacheka, nami nikacheka, nikagawa mandazi, lakini tulipofika njia panda Emilia hakuwa anacheka tena, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, watoto watafeli, na wewe unakunywa chai."

Sasa Shangazi nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nyumbani hakuna anayemtaja Stella tena. Ndugu wanaogopa kunihuzunisha, Lillian ananyamaza kwa ajili yangu, mimi nanyamaza kwa ajili yake, na mahali pekee ninapolisikia jina la mke wangu ni ofisi ya hedimasta. Jumatano ile nilivaa shati langu zuri. Nadhani nilijua tangu nyumbani kwamba sitauliza. Je, nimpishe Yasiri aende akapige meza? Au nimhamishie Lillian kwa dada yangu Arua, ambako nasikia walimu wapo?

Baba Lillian,
Dranya

*

Shangazi Zam anajibu:

Baba Lillian, pole. Hiyo ndiyo pole yako ya leo, ni moja, na haina chai. Sasa tufanye kazi.

Umekwenda ofisi ile mara tatu. Ya kwanza ulikwenda kwa ajili ya watoto na sikulaumu, nani asingelia akionyeshwa lile kopo? Lakini ya tatu ulikwenda kumtembelea Stella kwa jina la wazazi wa P.7. Shati zuri! Umenichekesha, kisha umeniumiza, kisha nikamkumbuka Lillian na kurasa zake sita, nikakasirika.

Simsemi hedimasta kwamba machozi yake ni ya uongo. Mtu anaweza kulia kweli kabisa na papo hapo akafurahi kwamba hajaulizwa. Lakini "tunaishughulikia" si jibu. Nani anashughulikia? Tangu lini? Shule ya serikali ni yenu, na kumuuliza anayeiendesha si kumvunjia heshima. Labda ameandika wilayani na hajajibiwa, anaona haya kusema mbele ya mfiwa. Basi aseme hivyo. Hata "sijui" nitaipokea, mradi akuambie ni nani anayejua.

Usijiuzulu. Na Yasiri usimtume peke yake, maana mlango wa nyuma bado upo. Jumatatu waombe wenzako wakupe watu wawili, Emilia na huyo huyo Yasiri. Emilia aingie wa kwanza akae kiti cha mbele, na pole zote azipokee yeye kwa niaba yako. Ni jirani, anaruhusiwa, na kwa ulimi ule naona hatalia haraka. Yasiri akae karibu na mlango wa nyuma, afunge mdomo, ashike daftari la Lillian tu. Wewe usikae. Chai usiionje. Salimia vizuri kama ulivyolelewa, halafu sema hivi: "Mwalimu, pole yako nimeipokea mara tatu, asante. Leo nimekuja kwa ajili ya Lillian na wenzake. Nani atafundisha hesabu P.7, na anaanza siku gani?" Kisha nyamaza, kazi ambayo unaiweza. Akirudi kwenye habari za wino, chukua daftari, lifungue pale nyekundu inapoishia, umgeuzie kurasa zote sita, moja moja, bila haraka.

Swali hilo liandikwe kwenye karatasi, si kwenye kiganja. Nakala mbili. Moja abaki nayo, nyingine aigonge muhuri na tarehe mkiwa mmesimama hapo. Mpeni wiki moja. Ikipita bila jina la mwalimu, nendeni Koboko mjini, ofisi ya elimu ya wilaya, mkamuone inspekta wa shule na nakala yenye muhuri, ninyi watatu wale wale.

Lillian asihame. Kama jina lake limeandikishwa kufanyia mtihani hapo, kuhama sasa kutamvuruga, na darasa lake limejaa watoto wasio na shangazi Arua. Likizo aende kwa dada yako akapate wa kumwelekeza hesabu. Inatosha.

Sasa Stella. Mke wako umemwachia hedimasta amtunze. Kopo liko kwake, hadithi ya wino iko kwake, na wewe unaenda kuomba kipande kidogo kila unapotumwa. Lillian ameisikia hadithi hiyo ya wino? Msimulie leo, msingoje Jumatatu. Mkilia, mtalia pamoja, na chakula hakitaungua. Kopo lifuate siku nyingine, siku ambayo huna swali la mtu mkononi.

Halafu kuanzia jioni hii, kabla ya kuepua sufuria, chukua madaftari uulize kama alivyokuwa anauliza mama yake, kwa maneno yale yale. Kwa hesabu atakujibu, "Haiko, baba." Na kila akijibu hivyo, kesho yake asubuhi wewe uko shuleni. Kikapu si lazima.