Kigoda Mbele ya Gari

Mjomba wangu mpendwa, uliye ng'ambo ya Ruvuma,

Gari limefika! Nilitaka kuanza na salamu kama ulivyotufundisha, nimeshindwa. Limefika, Mjomba, na ni letu, mimi na Bakari, si la tajiri wala si la kukodi. Ni pikapu ndogo ya mtumba, imeingia hapa Ruangwa jana mchana ikiwa nyekundu kwa vumbi, na tulipoifuta ndipo tukajua kumbe ni nyeupe. Watoto wa mtaa mzima walikuwa juu yake kabla hata haijazimwa.

Barua hii naiandika wazi, haina bahasha, kwa sababu anwani yako siijui. Atakayevuka mto na aichukue, aisome njiani akipenda, mradi akuulizie: mzee wa Kimakua, dereva wa zamani wa Nachingwea, anayekunywa chai kwenye kikombe cha bati na kugombana na sukari ikiwa kidogo.

Unajua nilifanya nini kwanza? Bakari bado anapeana mikono na majirani, mimi niko kwenye usukani navuta hendibreki. Krr, krr, krr, ikapanda mpaka juu kama mkono wa mwanafunzi anayeomba kwenda chooni. Haikamati kitu! Nikacheka peke yangu mle ndani. Nikasema, Mjomba angekuwepo leo, aliyetuuzia angejuta kuzaliwa.

Unazikumbuka asubuhi zetu za Nachingwea, miaka ile ya tisini? Gari la tajiri wako, lile kuukuu la kubebea ufuta na korosho, halikuanza safari ya Ruangwa kabla hujalielekeza pua chini kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba ya mama. Ulivuta hendibreki, ukaachia mguu polepole, na mimi nikisikiliza meno ya mkono wake yanavyolia. Yakilia mengi, tunajua imelegea. Madereva wengine walitembea na jiwe la kuwekea tairi, na wewe uliwacheka bila huruma. "Jiwe kazi yake kuinjika chungu," ulikuwa ukisema, na mimi nakushikia spana huku mama akilalamika kwamba binti mwenye grisi kwenye kucha ataolewa na nani.

Ulinifundisha kwa maneno machache. Tairi za nyuma juu ya jeki, kaza kwanza breki shuu, zile zinazobana tairi kutoka ndani ya drami, mpaka zikaribie kugusa, ndipo uje kwenye nati ya waya unaovutwa na mkono wa hendibreki. "Ndani kwanza, waya baadaye." Ukikaza waya peke yake, mkono utakuwa mgumu na utajidanganya kwamba kazi imekwisha.

Basi akaja Bakari na posa yake. Baba alikubali, mama alikubali. Lakini kwetu, mjomba asiposema, hakuna kilichosemwa, na wote wakakugeukia wewe. Ukauliza kijana anafanya kazi gani. Mshenga akajibu, seremala wa Ruangwa.

"Vizuri. Jumamosi aje anikazie hendibreki."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Bakari alikuwa hajawahi kushika spana maishani mwake! Na wewe ukaniona ninavyofikiri, ukaninyooshea kidole: "We mwali, usimfundishe. Mimi nitajua." Siku zile zote sikula nikashiba, Mjomba. Nilimtaka yule mtu, na maisha yangu ulikuwa umeyafunga kwenye waya wa gari.

Jumamosi hiyo niliwekwa jikoni, lakini mlango ulikuwa wazi. Nikamwona anaingia uvunguni, anakwenda moja kwa moja kwenye nati ya waya, tairi za nyuma hata hakuzitazama. Niling'ata kanga yangu ili nisipige kelele. Alipotoka, akavuta mkono, ukawa mgumu, uso wake ukang'aa kwa furaha.

"Tayari, mzee."

Ukalipeleka gari mteremkoni, pua chini, ukamkalisha kwenye usukani akanyage breki. Kisha ukachukua kigoda chako, ukakiweka mbele ya gari, ukakaa, ukaagiza chai! Mama alikuletea huku analia.

"Haya. Vuta hendibreki, toa mguu."

Akavuta. Mguu hakutoa. Ukamwambia tena, sauti imepanda.

"Sitoi, mzee."

"Huiamini kazi yako?"

"Bado siijui. Mimi nikitengeneza kiti nakikalia mwenyewe kwanza, ndipo nampa mtu. Ondoka hapo, mzee wangu. Usipoondoka nitakaa na mguu wangu hapa mpaka kesho, hata mke nikimkosa."

Kisha ukainuka na kikombe chako, ukasogea pembeni, kigoda ukakiacha. Bakari akatoa mguu. Gari likatulia, nikaanza kumshukuru Mungu. Likalia kidogo chini kwa chini, halafu likaanza kutembea! Alipowahi kukanyaga tena, kigoda kilikuwa kimeshakuwa kuni.

Mimi niliona ndoa yangu imelala pale chini ya tairi. Bakari akashuka.

"Nimeshindwa, mzee."

Na wewe ukacheka! Ulicheka mpaka chai ikakumwagikia kwenye shati. "Hendibreki umeshindwa," ukamwambia, "mke umepata." Kisha ukaniita: "Njoo, mwali, mwonyeshe mumeo. Ndani kwanza!" Nilitoka jikoni mbio, nikaingia uvunguni na nguo yangu ya wageni, na sisi watatu tukaikaza upya. Hiyo ndiyo iliyokuwa posa yangu, na siibadilishi na ya mtu yeyote.

Bakari alikuahidi kigoda kipya. Ukamwambia asikilete. "Siku mtakayonunua gari lenu wenyewe, ndipo mniletee. Nitakaa mbele ya gari hilo, ninywe chai yangu, na safari hiyo haniinui mtu."

Kisha vita vilivyokukimbiza kwenu ng'ambo ya mto vikaisha, nawe ukamrudishia tajiri ufunguo wake, ukavuka mto. Nilikuelewa, lakini nilikasirika, nakwambia ukweli. Nilikuwa na mimba ya kwanza na nilikutaka uwe karibu. Siku hizi wanaovuka wanatuambia kwamba miguu inakusumbua, na kwamba kupanda malori kumekuchosha.

Sasa sikia. Jana sikungoja hata kuoga. Nilipiga jeki, nikaingia uvunguni, na jirani mmoja akampigia kelele Bakari: "Wee, mkeo yuko chini ya gari!" Mume wangu akamjibu, "Ndiko nilikomchumbia," akaja kunishikia spana.

Ndani kwanza, waya baadaye. Tukalipeleka mteremkoni. Meno machache tu, kisha mkono ukagoma. Tulilijaribu bila mtu mbele, likasimama. Tukapakia magunia ya ufuta, likasimama. Mwisho nikaenda mimi mwenyewe kukaa mbele yake, kwa sababu kazi ni yangu. Likasimama, Mjomba! Nilikaa pale kwenye vumbi nikacheka mpaka watoto wangu wakaona haya.

Kigoda chako kipo. Bakari alikichonga kwa mninga tangu mwaka ule ulipoondoka, na humu ndani hakijakaliwa na mtu. Watoto wamegombezwa kwa ajili yake tangu wanaanza kutambaa. Leo asubuhi amekifunga kwa kamba nyuma ya gari.

Tunakuja mtoni, pale ulipovukia. Tutakuwepo siku ya gulio, upande huu wa maji. Usipotokea tutarudi gulio linalofuata, na linalofuata tena. Ukingo ule una mteremko mzuri, naukumbuka vizuri. Nitalielekeza gari pua chini, nitavuta hendibreki, nitatoa mguu. Wewe kaa mbele na chai yako. Sukari nitazidisha, na jiwe siweki.

Ni mimi, mpwa wako wa uvunguni.