Mikono ya Dada Yangu

Kwako mjukuu wangu Mwikali,

Sisi huku Kalama ni wazima, mbuzi amezaa mapacha. Usicheke mwandiko wangu. Ni wa darasa la tatu na unasomeka kuliko wako.

Umeuliza kama dada yangu, yule nesi wa jeshi uliyepewa jina lake, alikuwa akipumzika akija likizo. Atapumzika wapi! Kina mama wenye vijana jeshini walikuwa wakijaa uani. Siku moja mmoja alimshika mikono, akainusa, akasema, "Labda hii mikono imemfunga mwanangu bendeji."

Dada hakumjua huyo kijana. Nikamnong'oneza, "Si umwambie humjui, tuende zetu!" Akanikanyaga mguu. Akamwachia yule mama mikono mpaka chai ikapoa. Nilimwona mjinga, maana hata mimi nilikuwa nimemngoja mwaka mzima.

Sasa wewe nawe umevaa hayo magwanda, uko huko mpakani. Juzi nesi wa dispensari alinipima presha, akamaliza, mimi nikakataa kumwachilia mkono.

"Susu, kuna nini?"

Nikamwambia, "Nyamaza kidogo. Niko na mtoto jeshini."

Susu wako